Magari ya Komanda Asali na Watu wa Chini ya Boneti

Nyinyi wa kidato cha kwanza mnaonizunguka kwenye foleni ya uji mkiuliza kama kwa Komanda Asali bado wanachukua vijana wa likizo, sogeeni niwaambie wote kwa pamoja, maana mimi nimestaafu na mstaafu hapendi kurudia maneno. Nina miaka kumi na saba. Nimefanya kazi likizo tatu. Msicheke. Kuna watu wamekaa ofisini mpaka mvi zikawatoka masikioni na hawajawahi kusugua hata kitasa kimoja.

Kazi yangu ilikuwa kufuta magari ya kihistoria. Komanda Asali mnamjua: yule mwimbaji anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, ambaye picha yake imebandikwa kwa kila kinyozi kuanzia Kasese mpaka Bwera, na hakuna kinyozi hata mmoja aliyewahi kumnyoa. Ana kiwanja huko Rukoki, ukuta mrefu pande zote, na ndani banda la mabati refu kama ghala la pamba. Humo ndimo anamoweka magari kumi na moja. Langoni kumeandikwa "Hazina ya Magari Adimu ya Afrika". Kati ya hayo kumi na moja, yanayowaka ni matatu, na la tatu huwaka likijisikia.

Kila gari lina kibao mbele yake, kama kaburi. Kwenye kile kigari chenye mgongo wa kobe kibao kinasema: "Gari la Balozi". Balozi wa nchi gani, kibao hakisemi. Benzi jeusi: "Gari Lililomwokoa Rais". Rais yupi? Komanda ukimuuliza anashusha sauti, "Hayo ni mambo ya usalama, kijana." Benzi hilo lina namba moja mbele na namba nyingine nyuma, kwa hiyo huenda lilimwokoa rais mmoja likienda na mwingine likirudi. Halafu kuna pijo la kijivu, "Bingwa wa Mashindano ya Jangwani". Hilo pijo lilikuwa linabeba chumvi Kabatoro. Sakafu imeliwa na chumvi yote. Ukikaa kwenye usukani unaona miguu yako imesimama chini ya banda, kama uko kwenye baiskeli.

Nilijuaje? Aliyeyaleta alikuwa mtu mkweli kupita kiasi. Anaitwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu kutoka Butembo huko Kongo, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye ua wake Bwera hatua chache kutoka mpakani. Siku moja alikuja na lori kuteremsha tairi nikamvuta pembeni.

"Papa, hili la balozi ulilipata kwa balozi gani?"

"Balozi? Mutoto, sikiya. Hii motokari ilikuwa ya bamasista, kule kwetu. Ilikufa miaka mingi. Makuku ilikuwa inalala mu ndani."

"Kuku?"

"Makuku! Na mayayi tulitoa. Mimi nilimuambia Komanda yote, nilimuonyesha na manyoya. Yeye mwenyewe akasema, 'Hapana, Papa, hii iko ya ambasadere.' Mimi nitafanya je? Mutu akitaka kujidanganya, utamushika mukono?"

Basi ndiyo hazina hiyo. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili, wanapiga picha na banda la kuku, wanarudi nyumbani wameelimika.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Hajji Sowedi, mzee wa uchukuzi wa Kasese aliyeendesha magari kabla baba yangu hajajua kupenga kamasi. Hajji alikuwa mfupi, mkali, mwenye Kiswahili cha jeshini, na kofia yake ya kufuma ilikuwa na doa la grisi ambalo aliliheshimu kuliko watu wengi. Aliajiriwa kama "msimamizi wa ufundi", maana yake mtu wa kulaumiwa gari lisipowaka. Kila nilichojua nilikipata kwake, na kila nilichokipata kilitanguliwa na tusi.

Andikeni haya, yatawafaa. Gari la zamani halioshwi juani. Sabuni inakauka juu ya rangi na kuacha madoa kama upele. Anza na paa, shuka chini. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, la sivyo unasugua rangi kwa mchanga ulioutoa mwenyewe. Usifute kwa shati lenye vifungo. Vyuma vinavyong'aa visugue kwa majivu ya kuni yaliyochekechwa mara mbili na tone la limau. Taa zilizofifia, dawa ya meno. Na kabla hujawasha gari lolote lililokaa, fungua boneti unuse. Ukisikia mkojo wa panya, wameshakula nyaya. Usiwashe, utawachoma wenye nyumba na nyumba yenyewe.

Lakini dawa ya viti vya ngozi sikuuliza, ndiyo maana nilikosea. Ngozi za viti vya benzi zilikuwa zimekauka na kupasuka kama nyayo za mkulima. Mimi nikakumbuka bibi yangu: ngozi ya ng'ombe hulainishwa kwa samli. Nikaenda kwa majirani wafugaji, nikaja na kibuyu, nikapaka viti vyote vinne, mbele na nyuma, kwa upendo. Vililainika! Hata Hajji alibonyeza akasema, "Mm." Kwake hiyo ilikuwa shahada.

Kesho yake mchana Komanda akaja na rafiki yake, mwanamuziki mwingine mwenye miwani kama yake, wapige picha wamekaa ndani ya Gari Lililomwokoa Rais. Wakakaa. Wakatabasamu. Nikaona tabasamu la Komanda limesimama katikati, kama saa iliyokwisha betri. Siafu walikuwa wameisikia ile samli tangu alfajiri. Wakubwa wale walitoka kila mmoja kwa mlango wake wakivua suruali, na yule mgeni akakimbia mpaka langoni. Hajji aligeuka ukutani mabega yakimtikisika, nikadhani analia.

Kwa hiyo mkisikia Komanda anaimba kwamba "haogopi moto wala risasi", ni kweli. Siafu hawakutajwa.

Sasa nifike kwenye landrova, maana ndiyo iliyonistaafisha.

Ilikuwa ya mwisho bandani, kijani iliyochujuka, kibao chake kikisema "Gari la Mpelelezi wa Kizungu". Hiyo haikuwa ya Papa Kasereka. Ilikuwa ya Hajji mwenyewe. Aliendesha nayo miaka mingi kutoka milimani Kisinga na Kyarumba kuteremka mpaka Bwera, akibeba kahawa, akibeba wagonjwa, na zaidi ya yote akibeba wajawazito kuwapeleka hospitali. Magoti yalipomkataa akamuuzia Komanda, kwa sharti kwamba aachwe aitunze. Kila asubuhi aliigonga bodi kwa vidole viwili akipita, kama mtu anayebisha hodi.

Siku moja meneja wa Komanda, kijana anayetembea na simu tatu na hana cha kusema hata kwa moja, akaniambia watu wa televisheni wanakuja Ijumaa. Kila kitu king'ae. "Mpaka chini ya boneti," akasema. "Rangi ya fedha. Watafungua."

Nikachukua msasa. Nikainua boneti ya landrova, nikaifunga kwa kamba, nikaanza juu kushuka chini kama nilivyofunzwa. Niliona kuna michoro ya rangi nyeupe chini ya vumbi na mafuta, lakini nani anasoma boneti? Nikasugua kama mistari miwili hivi. Ndipo nikasikia sauti ya jeshini nyuma yangu:

"Wewe! Hapana sugua hapo! Weka chini hiyo kitu!"

Hajji alinisukuma, akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akapangusa polepole. Chini ya uchafu yakatokea maandishi. Herufi zinapanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Namba tatu, jina, jina la mama, siku, mwezi, mwaka, mahali. Namba nne. Namba tano. Mpaka ishirini na tatu.

"Hawa ni nani, Hajji?"

"Watoto. Hii wote ilizaliwa ndani ya gari hii."

Akanieleza. Mama akishikwa na uchungu njiani na hospitali bado iko mbali, unasimama. Wanawake wanabaki nyuma naye. Wanaume wote wanashuka, wanakuja mbele, na dereva anainua boneti. Boneti ya landrova ikisimama inaziba kioo chote, ni pazia. Na wapita njia wakiona boneti iko juu na wanaume wameinama, wanasema gari limekufa, wanapita, hawaji kuchungulia. "Sasa wewe umesimama pale," Hajji akasema, "saa moja, saa mbili, nasikia mama analia, huwezi kusaidia. Mikono inataka kazi. Mimi nilikuwa na kopo ya rangi ya kuandika namba ya gari. Mtoto akilia, mimi naandika."

Na aliandika kwa uangalifu, kwa sababu kwetu jina tu halitoshi. Mnajua wenyewe: mtoto wa kike wa pili ni Biira, wa kiume wa pili ni Bwambale, milima yote. Pale chini ya boneti kulikuwa na Baluku watatu na Bwambale wanne. Bila jina la mama na kona ya barabara, ungesema gari lilizaa mtu mmoja mara nne.

"Nilifuta akina nani?" nikauliza. Kucha zangu zilikuwa zimejaa unga mweupe.

Hajji alitazama pale juu palipobaki chuma kitupu, pana kama sahani mbili.

"Namba moja iko Kasese mjini, yeye nauza nguo. Hana shida. Namba mbili alikufa na surua, bado mdogo." Akakunja kile kitambaa. "Hapo tu ndiyo alikuwa ameandikwa."

"Tuwaandike tena! Rangi nyeupe ipo, Hajji. Mimi nitaandika vizuri."

"Ukiandika leo, ni ya leo. Hiyo si yake tena."

Nikauweka msasa chini.

Nikasoma waliobaki, kwa adabu sasa. Namba kumi na nne nikaisoma mara tatu. Biira. Mama Kavira wa Butembo. Mteremko wa Kisinga. Mvua kubwa.

Huyo ni dada Biira, binti wa marehemu baba yangu mkubwa! Mama yake ni Mkongomani, ndiyo maana Biira akisema Kiswahili unadhani umeshavuka mpaka. Baba yake alikufa zamani. Shule yake ya msingi ilisombwa na mto, na madaftari yote ya majina yakaenda ziwani. Mwaka huu amepata nafasi ya kusomea uuguzi, ila chuo kinataka kitambulisho cha taifa kabla ya masomo kuanza, na ofisi ya vitambulisho inataka ushahidi kwamba alizaliwa upande huu. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu ofisa alimsikia akisema "niko muzaliwa wa hapa" akatabasamu kwa huruma. Akamwambia arudi na kitu kilichoandikwa siku zile, siyo leo. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Ijumaa ile ile ya televisheni.

Nikapiga picha ya boneti kwa simu, nikamtumia Biira. Alinipigia akipiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni. Akakimbia ofisini Bwera na picha ile. Jioni akanipigia, sauti imeshuka.

"Amesema picha batu beko nazitengeneza siku hizi. Anataka yenyewe."

"Yenyewe ni boneti, dada."

"Nilimuambia. Akasema basi ulete boneti."

Hajji akasema rahisi: tumwombe Komanda ruhusa. Na hapa, wadogo zangu, ndipo nilipokosea mara ya pili, kosa baya kuliko msasa. Kabla Hajji hajaenda, mimi nilikuwa nimeshapiga domo jikoni. Nilisimulia habari ya watoto ishirini na watatu kwa mbwembwe zote, nikaigiza na kilio cha mama na Hajji akiandika. Meneja alikuwa mlangoni na simu zake tatu. Dakika kumi baadaye Komanda mwenyewe akaingia bandani bila miwani. Mara yangu ya kwanza kuona macho yake. Ni ya kawaida tu.

Akasoma chini ya boneti, midomo ikitembea. Nikadhani ameguswa. Hajji naye alidhani, akaanza, "Mheshimiwa, kuna mtoto mmoja hapa, iko na shida ya kitambulisho…"

"Hii ndiyo histori!" Komanda akapiga makofi. "Mpelelezi wa kizungu nani anamtaka? Toa hicho kibao. Hajji, mbona ulinificha? Mimi nilizaliwa humu!"

Meneja akainamia simu zake tatu.

"Mheshimiwa, wewe ulizaliwa humu?" Hajji akauliza.

"Nitasema hivyo Ijumaa. Mtoto wa mlima, aliyezaliwa barabarani, leo ananunua gari alimozaliwa! Watu watalia, Hajji. Wimbo nimeshaupata kichwani." Akageuka kwangu. "Kijana, una mwandiko? Andika jina langu. Namba moja, juu kabisa. Uchafue kidogo lionekane la zamani."

"Juu palikuwa na mtu," nikasema.

"Si pako wazi? Umeshapasafisha wewe mwenyewe. Kazi nzuri."

Nimetukanwa na walimu, na Hajji, na kondakta. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama ile "kazi nzuri".

Hajji akajaribu tena. Akamweleza habari ya Biira yote, ofisa, chuo, Ijumaa. Komanda alimsikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri zamu yake. "Boneti haitoki hapa kabla ya televisheni. Jumatatu aje, nitampa na kofia yenye picha yangu."

Walipoondoka nikasema, "Hajji, tukiandika jina la Komanda pale juu, na Ijumaa kila mtu akaliona kwenye televisheni…"

"Orodha imekufa," Hajji akasema. "Uongo moja ikiingia, wote ishirini na moja inakuwa waongo. Huyo mtoto Biira atakuwa mwongo na yeye hajasema kitu." Akagonga bodi kwa vidole viwili. "Mimi nilimuuzia gari. Watu, sikumuuzia."

Alhamisi Papa Kasereka alikuja na lori kuleta vioo vya pembeni. Ndani ya lori, chini ya turubai, kulikuwa na boneti nyingine ya landrova kutoka uani kwake, tupu, safi, haijawahi kuandikwa hata tusi. Hajji alikuwa amempigia. Tulifungua skrubu tukiwa watatu, mchana kweupe, meneja akipita na kutuambia "fanyeni haraka", na sisi tukafanya haraka. Boneti ya kweli ikapanda lorini, ikafunikwa turubai. Ile tupu tukaipachika. Ilikuwa ya landrova ya aina nyingine, imezidi upana wa vidole viwili, tukailazimisha kwa waya.

Halafu nikafanya nilivyoagizwa, msije mkasema mimi mkaidi. Nikachukua brashi nikaandika, juu kabisa: "1. Komanda Asali." Nikachafua kwa masizi. Chini yake sikuandika kitu. Kazi niliyopewa ilikuwa ya jina moja.

Ijumaa asubuhi mimi na Hajji tulikuwa Bwera. Kutoka ua wa Papa Kasereka mpaka ofisini si mbali, lakini jaribuni kubeba boneti ya landrova kwenye bodaboda siku ya soko. Mimi nilikaa nyuma nimeikumbatia, imesimama wima mgongoni mwa dereva kama ubawa. Upepo ukija tunahama barabara. Wabadilisha fedha walisimama na mabunda yao kutazama. Mmoja akapaza sauti, "We kijana, gari lililobaki umelisahau wapi?" Hajji alikuja na boda ya nyuma akitoa amri mpaka kwa watembea kwa miguu.

Biira alikuwa ametusubiri mlangoni, gauni la kanisani, bahasha kifuani. Alipoiona boneti alicheka, halafu akaweka kiganja juu ya namba kumi na nne na hakucheka tena.

Ofisa alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye simu imesimamishwa juu ya mafaili ikicheza televisheni. Tukalaza boneti juu ya meza yake, karatasi zikaruka.

"Ni nini hiki?"

"Iko ushahidi, afande," Hajji akasema.

"Mimi si afande, mzee."

"Ndiyo, afande."

Akainama akasoma. Akakwaruza rangi kwa ukucha, akanusa. Akamtazama Biira, akaitazama boneti. "Namba tisa huyu. Alizaliwaje?"

"Huyo? Kikorongo, nimezungukia kule, njia ya mlima ilikuwa imekatika," Hajji akajibu papo hapo. "Mama yake alinitukana kutoka Kisinga mpaka huko. Alisema nimefuata mashimo makusudi."

"Namba kumi na saba?"

"Mapacha. Iko kumi na saba na kumi na nane. Wa pili alichelewa, nikafikiri nimemaliza, nikafunga boneti. Nikafungua tena."

Ofisa alianza kutabasamu. Hapo hapo simu yake ikapiga tarumbeta na sauti tuliyoijua ikajaa chumbani: "…katika landrova hii, ndugu zangu, kwenye mvua na giza, mama yangu alinizaa!"

Wote tukageuka. Komanda, suti nyeupe, kamera zimemzunguka, anainua boneti. Ilikataa. Akavuta. Waya ukakatika, boneti ikaruka juu, na kamera ikasogea. Chuma kitupu, cheusi, kipana, na juu kabisa jina moja peke yake.

Mwandishi wa habari akasikika, "Lakini tuliambiwa kuna orodha ya watoto wengi?"

Komanda aliangalia ile boneti. Jina lake, namba moja, na chini yake hakuna namba mbili. Nilidhani atakasirika. Alitabasamu meno yote.

"Mimi tu," akasema. "Gari hili lilimsubiri mtu mmoja."

Ofisa akazima sauti. Akaitazama boneti iliyo mezani kwake, akaitazama simu, akatutazama sisi. Biira alikuwa ameshika bahasha mpaka imekunjika.

"Nyinyi mnasema gari ni moja, boneti mbili?" ofisa akauliza taratibu. "Na hii yenu Komanda yumo?"

"Hayumo," Hajji akasema.

"Tafuta vizuri."

"Afande, mimi niliandika. Hayumo."

Ofisa akapitisha kidole mstari kwa mstari, kutoka ya tatu mpaka ya ishirini na tatu, na pale juu palipokwanguliwa akasimama. Nikasema mwenyewe kabla hajauliza: "Hapo nilifuta mimi, kwa msasa. Walikuwa wawili. Tungeweza kuandika tena, Hajji alikataa."

Akaondoa kidole. "Nimesoma na Komanda darasa moja," akasema. "Baba yake alikuwa mhasibu mjini, na yeye alizaliwa hospitali kubwa, wodi ya kulipia. Alikuwa anatutambia." Akavuta fomu kutoka kwenye droo. "Hapa zinaletwa karatasi zimeandikwa vizuri sana, mihuri mitatu, zote za uongo. Hii imeandikwa vibaya kweli, na hayumo mtu ambaye angependa awemo. Mzee, utasaini kama shahidi. Mwenyekiti wa kijiji nitampigia mwenyewe."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Meneja. Nikasikiliza kelele zake kidogo, kwamba boneti haifungi, Komanda anataka kuendesha mbele ya kamera na haoni mbele. Nikamwambia achungulie pembeni, na kwamba mimi kuanzia dakika hiyo ni mstaafu. Nikakata.

Ofisa alikuwa ameshafika kwenye mstari wa nne wa fomu.

"Mahali pa kuzaliwa?"

Biira akainamia fomu. "Andika barabarani."

"Dada, barabara si kijiji. Barabara ya wapi?"

"Ya kuenda hospitali," Biira akasema, na kile Kiswahili chake cha ng'ambo hakukificha hata kidogo. "Mu muteremuko wa Kisinga. Mama anasema mvua ilikuwa inatoka Kongo, lakini mimi nilitokea huku."

Ofisa akaandika Kisinga, akapiga muhuri.